Umecheza ngoma chuo kizima, krediti ziko wapi?

Mbukwenyi!

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa pili, chuo kimojawapo hapa Dodoma, aliniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Niko kwenye kikundi cha ngoma cha chuo. Mazoezi karibu kila jioni. Tumecheza mahafali, tumepokea mawaziri. GPA yangu (wastani wa alama) inashuka. Rafiki yangu anasema Marekani wanafunzi wanapewa krediti kwa kucheza na kuimba. Kwa nini sisi tusipewe?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa ujumbe mfupi, ukawa mrefu, nikaona niulete huku, maana najua hauko peke yako.

Krediti, yaani pointi za masomo zinazojumlishwa mpaka upate shahada, zipo. Ila hakuna chuo kitakachokupa krediti kwa sababu tu umecheza. Inapewa krediti kozi yenye namba, iliyo kwenye mtaala, yenye mhadhiri wa kuisahihisha. Kazi yako ni kuiingiza ngoma yako ndani ya kozi ya namna hiyo kabla semista haijaanza. Yote nitakayosema chini yanazunguka hapo hapo, kwa hiyo mwenye haraka na aishie hapa. Mwenye muda akae.

Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Muheme sikufundishwa na chuo. Nilimkuta bibi yangu mzaa mama anaipiga, na mimi nikawa napiga debe tupu la mafuta miaka kadhaa kabla sijaruhusiwa kugusa ngoma yenyewe. Kwa msiojua: muheme ni ngoma ya wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, unaimba na kucheza nayo ikiwa hapo hapo. Asili yake ni jando la wasichana, na mpaka leo mama mzima wa Kigogo akiisikia hawezi kutulia kwenye kiti.

Sasa fikiria nimefika mwaka wa kwanza, usiku wa kuwakaribisha wageni wapya, naona kikundi cha chuo kinatangazwa kuwa kitapiga muheme. Anatoka kijana wa kiume, amesimama wima, ameiweka ngoma kwenye stuli, anaipiga kwa fimbo mbili kama anafukuza ndege kwenye shamba la uwele. Watu wanashangilia! Sikuitwa, nilijipeleka. Baada ya onyesho nilimfuata kiongozi wao nikamwambia nipe hiyo ngoma dakika tano. Alinipa. Kuanzia siku ile mpaka namaliza chuo, muheme ya kikundi kile niliifundisha mimi, na wanaobisha wapo Dodoma hii hii, waje tuongee.

Mwaka ule wa kwanza tulicheza sana. Kila ugeni sisi, kila mahafali sisi, kila uzinduzi sisi. Malipo yalikuwa soda, keki iliyokauka na fulana yenye nembo. Barua ya shukrani ikija, imeandikwa kwa uongozi wa chuo.

Kisha ikaja siku ambayo mpaka leo nikiisimulia sauti inabadilika. Kulikuwa na ugeni mkubwa, na siku hiyo hiyo kulikuwa na jaribio. Ofisi moja ya chuo (siitaji, na chuo chenyewe sikitaji, Dodoma ina vyuo vya kutosha, msihangaike kukisia) ikatuambia tutumbuize, wao wataandika barua kwa wahadhiri wetu wote. Barua iliandikwa kweli. Ilifika baada ya matokeo kubandikwa. Nilipokwenda kuomba nipewe jaribio jingine, mhadhiri aliniuliza mbele ya wenzangu: "Binti, ulikuja chuo kusoma au kukata mauno?" Darasa likacheka. Muheme haina hata hayo mauno anayoyasema! Nikaangukia sapu, mtihani wa marudio. Anayejua sapu anajua: wenzako wako nyumbani likizo, wewe unarudi chuoni kwa nauli yako, bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) hakuna, chumba unaomba kwa rafiki.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Hasira ile ndiyo iliyonifanya nisome prospektasi, kitabu cha kozi na kanuni za chuo ambacho wanafunzi wengi hukitumia kuwekea sufuria lisiunguze meza. Kisomeni. Humo nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: krediti ni hesabu ya saa. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka 3 inataka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Saa hizo ni za kila kitu: darasani, maktaba, mazoezi ya vitendo, kuandika, kujiandaa na mtihani.

Nikachukua kalamu. Kikundi kikifanya mazoezi mara 2 kwa wiki, saa 2 kila mara, kwa wiki 15 za semista, hizo ni saa 60. Ni muda wa krediti 6, na bado hujaweka maonyesho yenyewe. Sisi tulikuwa tunafanya zaidi ya hapo. Tulikuwa tunafanya kazi ya kozi nzima kila semista, bila kozi.

Na huko Marekani anakokusifia rafiki yako siri ni hiyo hiyo. Vyuo vingi vya kule vimesajili kwaya, bendi na vikundi vya ngoma kama kozi. Unafanyiwa usaili, unajisajili kama unavyojisajili hesabu, mahudhurio yanahesabiwa, onyesho la mwisho ndilo mtihani. Mara nyingi unapata krediti 1 au 2 tu, wakati mwingine hata nusu. Lakini angalia, krediti yao si yetu: shahada yao ya kawaida ina krediti 120 kwa ujumla, yetu 360. Mwalimu Mantle Hood wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, alishaandika mwaka 1960 kwamba anayetaka kusomea muziki wa watu wengine lazima ajifunze kuupiga, na wanafunzi wake wakawa wanapiga gamelan, kundi la ala za kugonga la Indonesia, hapo hapo chuoni. Wala usiende mbali hivyo. Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, Profesa Kwabena Nketia na Mawere Opoku walianzisha kikundi cha ngoma cha taifa ndani ya chuo hicho mwaka 1962. Waafrika wenzetu, mwaka mmoja tu baada ya sisi kupata uhuru.

Turudi kwangu. Mimi nilikuwa nasoma sosholojia. Kwenye prospektasi nikaona idara nyingine ina kozi ya hiari ya sanaa za maonyesho kwa vitendo, krediti 10, na wanafunzi wa shahada nyingine wanaruhusiwa kwa idhini ya wakuu wa idara zote mbili. Idara ya kule walinipokea vizuri. Idara yangu ndiyo iliyonisumbua. "Sosholojia na ngoma wapi na wapi?" Nikawauliza, jando la wasichana na nafasi ya mwanamke katika jamii vinasomwa idara gani, ya jiolojia? Hilo halikusaidia. Kilichosaidia ni karatasi yangu ya hesabu ya saa pamoja na daftari la mahudhurio la kikundi, ambalo katibu wetu, dada mmoja wa uhasibu, alikuwa analiandika kwa mwandiko wa benki. Mkuu wa idara alilipekua, akanyamaza, akasaini.

Kozi yenyewe haikuwa ya kupiga ngoma tu, na hapa wengi mnajidanganya. Kulikuwa na mahudhurio. Kulikuwa na kumfundisha mwenzako asiyejua wimbo mmoja mpaka aupige mbele ya darasa. Kulikuwa na insha. Ndipo onyesho. Insha ilinitoa jasho. Nilitakiwa niandike sauti za wimbo wa Kigogo, na kila nikienda kwenye kinanda kuna sauti moja haipatikani. Kinanda hakikuwa na hitilafu. Uimbaji wetu wa sauti nyingi unafuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja ukiugusa sehemu mbalimbali, na mojawapo inaangukia katikati ya vibonye viwili. Ndiyo maana mtu akipiga nyimbo za Kigogo kwa kinanda, wazee wanakunja uso bila kujua kwa nini. Niliandika hayo, nikachora mapigo kwa visanduku badala ya nota, nikaeleza sababu. Nilipata A. Kozi ile B+ zilikuwa nyingi.

Semista zilizofuata sina cha kusimulia, nilisoma kama watu wote. Ila fildi, mafunzo ya vitendo nje ya chuo, niliifanyia Chamwino, kwenye kikundi cha akina mama, nikajaza logibuku, daftari la kazi, kila siku: nani kafundisha nini, kwa muda gani, nimejifunza nini. Utafiti wa mwaka wa mwisho nao ukawa juu ya muheme inavyobadilika ikitoka kwenye jando kwenda jukwaani. Kozi ya hiari, fildi, utafiti: milango mitatu, ngoma ile ile, na yote imo kwenye transkripti yangu, karatasi ya matokeo. Yule mhadhiri wa mauno alikuwa kwenye chumba nilipowasilisha utafiti. Hakuuliza swali.

Kinachoniuma ni yule dada wa uhasibu. Alikuwa mpigaji bora kuliko mimi. Naandika hili kwa shida, lakini ni kweli. Mtaala wake karibu wote ulikuwa kozi za lazima na fildi yake ilibidi iwe kwenye ofisi yenye vitabu vya hesabu. Hakupata hata krediti 1. Kwa hiyo kabla hujajaa matumaini, angalia shahada yako ina nafasi ngapi za kozi za hiari. Kama hazipo, cheza kwa kupenda na ulinde GPA yako, usimlaumu mtu.

Haya, ushauri wenyewe, ingawa nimeshautoa nusu. Soma prospektasi sasa, siyo wiki ya kufunga usajili. Kikundi kitafute mlezi ambaye ni mhadhiri, siyo afisa wa kupanga viti vya wageni, kwa sababu mwisho wa siku anayeweza kuweka alama ni mhadhiri. Wekeni daftari la mahudhurio lenye tarehe na saa. Rekodini maonyesho. Ugeni ukigongana na jaribio, barua iwe mkononi mwako kabla ya onyesho, na kama haipo usicheze. Usicheze! Waziri atapokelewa na wengine. Nyie vijana mnaogopa kusema hapana kwa ofisi, halafu mnalia Septemba.

Na jambo jingine, maana nimeshapanda mimbari acha nimalize. Mnachukua ngoma za wazee mnazipeleka jukwaani bila kumtaja aliyewafundisha. Hukwe Zawose alitoka kijiji cha Nzali, hapa hapa Ugogoni, akazipeleka ala zetu, zeze ya nyuzi na ilimba ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, dunia nzima, akafariki mwaka 2003, na leo kuna watoto wa Dodoma hawajui jina lake ila wanajua wacheza dansi wote wa Korea. Dk. Kedmon Mapana, aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kwenda kuiongoza BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, amefanya utafiti juu ya muziki wa Wagogo. Msomeni, mumnukuu, mtapata alama. Kuna Tamasha la Muziki wa Cigogo kule Chamwino, nendeni. Na ukienda kwa mama wa kijijini akufundishe, usiende mikono mitupu. Sukari, sabuni, kitenge, chochote. Wewe unaondoka na krediti 10, yeye aondoke na nini? Watu wanatutania Wagogo kwa ombaomba, lakini ombaomba mkubwa niliyewahi kumwona ni mwanafunzi wa chuo mwenye simu ya kurekodia na mifuko mitupu.

Najua wa kwaya mtaniuliza, maana nyie ndio wengi. Kwaya za makanisa na vikundi vya dini chuoni haziko chini ya idara yoyote ya masomo, hivyo mazoezi yenu peke yake hayahesabiki. Lakini mwanakwaya anaweza kuingia kwenye kozi ya vitendo kama ipo, au kuifanyia utafiti kwaya yenyewe: jinsi inavyotunga, inavyogawa sauti, inavyopata fedha za kurekodi. Mada zimejaa. Barua ya mwenyekiti wa kwaya kwamba wewe ni mwaminifu na hukosi mazoezi mpelekee mchumba. Idarani peleka jina la mhadhiri aliyekubali kukusimamia.

Kijana uliyeniandikia, nitumie picha za kurasa za kozi za hiari za shahada yako. Nikizisoma nitakuambia ipi inafaa. Wengine pia tumeni, jina la chuo nitalificha, na naomba picha zisomeke.