Baridi ikiingia acha kuwahi baharini alfajiri

Juzi msomaji kanitumia meseji, anasema tangu majani yaanze kupukutika kaenda baharini mara nne na hajapata hata samaki mmoja, anauliza kama auze fimbo yake ya kuvulia. Ndugu yangu usiuze. Hiyo hali naijua, mwaka jana ilinikaba mpaka nikawa sitaki kuongea na mtu.

Kipindi chote cha joto nilikuwa navua saa kumi na moja alfajiri na napata, baridi ilipoanza nikaendelea vilevile. Vidole vimekufa ganzi hata kufunga ndoana ni shida, chambo kinarudi kizima kama nilivyokitupa, wiki nzima, afu wiki ya pili. Niliokuwa navua nao wakaanza kusema huyu anakuja kupunga upepo. Iliniuma, na bado inaniuma sifichi.

Siku moja nikachelewa, nikafika saa nane mchana. Maji yameshapwa, tope jeusi la hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lote liko nje limepigwa na jua tangu asubuhi, nikaligusa kwa kiganja nikakuta vuguvugu kabisa. Maji yalipoanza kujaa yakapita juu ya lile tope na yenyewe yakapata joto, visamaki vidogo vikaingia mpaka kina cha magoti na wakubwa wakavifuata. Nikatupa, nikaacha chambo kilale chini, nahesabu mpaka thelathini ndo navuta kidogo. Hakuna kile kishindo cha siku za joto, mshipi unakuwa mzito tu kama umenasa mwani. Nikakaza. Watano kabla jua halijazama!

Ni hivi, mwili wa samaki unafuata joto la maji, maji yakipoa hata tumbo lake linasaga taratibu, kwa hiyo hana haja ya kukimbiza kitu. Bahari inachelewa kupoa kuliko hewa, lakini maji mafupi usiku mmoja tu wa anga bila mawingu unatosha kuyapoza, ndo maana asubuhi samaki wamejibana kwenye mifereji yenye kina. Ukilazimika kwenda asubuhi tupa huko. Vinginevyo subiri mchana, na vuta pole pole, narudia, pole pole, ukidhani umepunguza mwendo punguza tena.

Na jamani vaeni maboya. Maji ya nyuzi joto chini ya 15 ukitumbukia ghafla unahema bila kutaka, dakika ya kwanza tu unaweza kumeza maji hata kama unajua kuogelea, na vijana wengi hili mnalidharau sana, mnaona boya ni la watoto. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, saa ya maji kupwa na kujaa inachelewa kama dakika 50 kila siku, angalia jedwali la kupwa na kujaa utafute siku yanapwa saa saba mchana, jua liwepo, upepo uwe umetulia, ufike saa nane.