Mtoto wa jicho na astigmatizimu: uliza habari ya lenzi kabla ya opresheni

Jamani kama una mzazi anasubiri kutolewa mtoto wa jicho hapa Dar, iwe Muhimbili, CCBRT au hospitali binafsi, kabla hamjapangiwa tarehe muulize daktari, mzee ana astigmatizimu kiasi gani? Mimi niliuliza kwa ajili ya mama na nashukuru sana niliuliza mapema, maana ile lenzi ya bandia wanayoweka ndani ya jicho ikishawekwa ndo ya maisha, kuja kuitoa ni opresheni nyingine tena.

Iko hivi. Astigmatizimu mara nyingi inatokana na kioo cha mbele cha jicho kupinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, so mwanga haukusanyiki sehemu moja na maandishi yanakuwa kama yana kivuli. Wakiweka lenzi ya kawaida ukungu wa mtoto wa jicho unaondoka vizuri tu lakini kule kupinda kuko palepale, ndo unasikia mtu kashafanyiwa ila bado hasomi kibao cha daladala mpaka avae miwani. Lenzi ya toriki, yaani ile iliyotengenezwa kufidia huko kupinda, inarekebisha vyote viwili kwa mpigo.

Bei yake iko juu, sifichi, na bima ulizeni kabisa wanalipia ipi. Astigmatizimu ikiwa ndogo sioni sababu ya kujikamua, miwani inatosha.

Ila vipimo, tafadhali msiviharakishe. Toriki lazima ikae kwenye mstari wake, ikihama digrii 10 inapoteza karibu theluthi ya kazi yake, ikifika 30 ni kama hujawekewa kitu, ndo maana jicho wanalitia alama mgonjwa akiwa amekaa, kwa sababu ukilala linajizungusha kidogo. Mama alikuwa na kile kinyama kinachoota kuelekea kwenye mboni, sisi watu wa jua na vumbi tunacho sana, kumbe kinavuta kioo na kuharibu vipimo, wakakitoa kwanza tukasubiri papone ndo wakapima upya. Mashangazi walilalamika tunachelewesha, mimi nikasema hapana tunasubiri.

Kusoma bado anavaa miwani, toriki ya kawaida inanyoosha uoni wa mbali tu na ni vizuri mzee aambiwe hilo mapema asije akavunjika moyo. Na siku za mwanzo akisema naona vibaya kuliko jana msimwambie atazoea, mrudisheni kliniki fasta, lenzi ikizunguka ni rahisi kuirudisha kabla haijashikana na jicho.