Kabla ya hedifoni za wazi, sikiliza kwanza chumba chako

Mkuu, hiyo pesa usiitume kwanza. Umeeleza mwenyewe: chumba na sebule, Tabata, mtoto mchanga analala humo humo, unasikiliza taarabu na jazi usiku kwa simu. Unataka hedifoni za wazi, Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa sababu kila anayezisifu anataja upana wa sauti. Upana upo kweli. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza feni yako ina kelele kiasi gani!

Hedifoni za wazi zina matundu nyuma ya vikombe. Ndiyo maana muziki unasikika umetanda nje ya kichwa, haukubani masikioni. Lakini kinachotoa sauti ndicho kinachoiingiza. Feni, bodaboda, baa ya jirani, mvua kwenye bati, vyote utavisikia kana kwamba hujavaa kitu. Na wimbo wako nao unatoka, unamfikia aliyelala pembeni.

Mimi za wazi, omu 300, niliuziwa Kariakoo na mtu aliyejua fika kwamba nimepanga nyumba ya barabarani. Nilimwambia. Akajibu kwamba za kufunga, yaani zenye vikombe vilivyozibwa nyuma, ni za madijei, mpenzi wa muziki anachukua za wazi. Nafika nyumbani, taksimu ya udi, ule upigaji wa ala ya nyuzi peke yake unaotangulia wimbo, siisikii, feni imeimeza. Besi ndiyo kabisa, maana mngurumo wa feni na wa magari uko kwenye sauti zile zile za chini.

Nikarudi kwake. Kuhusu chumba hakusema neno. Akaniuzia amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti, iliyozidi bei ya hedifoni zenyewe. Ni kweli omu 300 zinataka nguvu ambayo simu nyingi hazina, kwa hiyo maelezo yake yaliingia akilini, na hapo ndipo pesa kubwa ilipoteketea. Muziki ulipanda, kelele za nje zikabaki pale pale, na mwanangu akawa anashtuka kila kiitikio kikiingia. Hadi leo naumia, kwa sababu za kufunga alikuwa nazo kwenye rafu ile ile, tena kwa bei ndogo. Muuzaji anayejua tatizo lako halafu anakuuzia dawa ya tatizo jingine, huyo anakuibia mchana kweupe.

Halafu kuna masikio. Ukiwa na za wazi kwenye kelele utaongeza sauti tu, huna njia nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni salama kwa mtu mzima hadi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima.

Sasa fanya hivi: saa ile ile unayosikilizaga, washa feni, kaa kimya bila muziki kama dakika kumi. Ukisikia kelele yoyote bila kutega sikio, au kama kuna mtu analala humo, chukua za kufunga. Hapo hakuna mjadala. DT 770 Pro ni ndugu wa hizo ulizotaja, na zipo za omu 32 ambazo simu inaziendesha bila shida. Sony MDR-7506 za omu 63 nazo zimo studio tangu 1991. Joto la Dar la Februari litakutoa jasho masikioni, hilo silikatai. Na mngurumo wa jenereta utapenya kiasi, kwa kuwa vikombe huzuia sauti za juu vizuri kuliko za chini. Lakini udi utausikia.

Mwenye chumba chake peke yake, kimya, achukue za wazi kwa raha zake. Sennheiser HD 600 zipo sokoni tangu 1997 na bado zinasifiwa, kwa haki kabisa. Wewe chumba hicho huna.

Jaribu na feni usiku wa leo, uandike hapa umesikia nini, ndipo tuzungumze bei. Muuzaji akikupigia kabla ya hapo, usipokee.