Kikokotoo cha risasi kwenye simu: angalia kinakuuliza nini kabla ya kuangalia kinakujibu nini

Mkuu, umeeleza kwamba una bunduki ya .308 inayorusha risasi za greni 175 (greni ni kipimo cha uzito), darubini yako inazunguka kwa mili (kipimo cha pembe: mili moja ni mita moja kwa umbali wa mita 1000), uwanja unaofanyia mazoezi unafika mita 1000, na sasa umepakua programu nne za kukokotoa mwendo wa risasi hujui ushike ipi. Unauliza ipi inasema kweli. Nimetumia programu za aina hii kwa miaka tisa, zaidi ya sita, za bure na za kulipia, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Jioni moja niliziwasha zote nilizokuwa nazo, nikaingiza bunduki ileile, risasi ileile na hewa ileile kwa umakini kabisa, nikaomba jibu la mita 800. Majibu yalitofautiana kwa mili 0.1. Kwa umbali huo mili 0.1 ni sentimita 8, yaani kliki moja ya darubini. Mikono yangu peke yake inatawanya risasi kuliko hapo. Hesabu ya kuanguka kwa risasi inajulikana siku nyingi na watengenezaji wote wanachota kisima kimoja. Kwa hiyo usichague kwa kulinganisha majibu. Chagua kwa kutazama inakuuliza maswali gani, na inakusaidiaje usijibu vibaya.

Nikupe mfano ulionigharimu siku nzima. Tulikuwa uwanja ulio kama mita 1500 juu ya usawa wa bahari, bamba la chuma la sentimita 40 liko mita 800. Nilichukua mgandamizo wa hewa kutoka kwenye taarifa ya hali ya hewa, hektopaskali 1018, nikauingiza. Programu ikaniambia mili 9.0. Nikazungusha, nikapumua, nikapiga. Mwenzangu aliyekuwa kwenye darubini ya kutazamia akasema, "Juu." Ya pili, juu. Ya tatu, juu palepale. Nikaanza kushuku darubini, nikakaza skrubu zake, nikarudi mita 100 kuhakiki sifuri, yaani kama risasi inatua pale darubini inapolenga, sifuri iko sawa. Ni mzee mmoja wa pale uwanjani aliyeniuliza swali moja tu: "Kijana, hiyo 1018 ni ya hapa tulipo au ya baharini?"

Ilikuwa ya baharini. Taarifa za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba kila mahali ni usawa wa bahari. Mgandamizo halisi wa pale ulikuwa karibu 850. Programu ilidhani risasi inapasua hewa nzito, kumbe hewa ilikuwa nyepesi. Nilipoingiza namba sahihi jibu likawa mili 8.3. Tofauti ya 0.7 kwa mita 800 ni sentimita 56, na hapo ndipo zilipokuwa zinapita. Kipimo changu cha kwanza cha programu tangu siku ile ni hiki: je, inaeleza waziwazi kwamba inataka mgandamizo wa mahali ulipo, na je, inakupa kitufe cha kuchagua kati ya hizo mbili? Kama inaandika tu "mgandamizo" bila kufafanua, iache. Simu nyingi zina kihisi cha mgandamizo ndani yake na hicho kinasoma wa hapo ulipo, kitumie. Ila joto usilichukue kwenye simu, maana itakupa joto la betri.

Cha pili ni muundo wa ukinzani, yaani namna programu inavyokadiria hewa inavyoipunguza kasi risasi. Utaona G1 na G7. G1 imejengwa juu ya umbo la risasi za zamani, kitako bapa na pua fupi. G7 ni ya risasi ndefu yenye pua iliyochongoka na mkia uliopunguzwa, kama hiyo yako. Risasi ya greni 175 ya mashindano hutajwa kuwa na BC (namba inayoonyesha risasi inavyopenya hewa) ya karibu 0.505 kwa G1 na karibu 0.243 kwa G7. Ukisoma 0.505 kwenye boksi ukaiandika mahali pa G7, programu haitalalamika, na kwa mita 1000 utakosa kwa mili kadhaa. Programu nzuri inaonyesha herufi hiyo kubwa pembeni ya namba. Bora zaidi ni zile zinazotumia mkondo wa ukinzani wa risasi husika uliopimwa kwa rada: Hornady wanaita yao 4DOF, Lapua wana 6DOF kwa risasi zao, na Applied Ballistics, kampuni ya Bryan Litz, wana mikondo ya risasi za watengenezaji wengi. Kama risasi yako imo kwenye orodha ya mojawapo, hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea.

Sasa kasi, na hapa ndipo naomba utulie. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa mtutu wao, si wako. Kwa .308, kukosea mita 10 kwa sekunde ni kukosea sentimita 30 hadi 40 kwa mita 1000. Azima kipima kasi, piga risasi kumi, chukua wastani. Halafu pima tena siku yenye joto tofauti. Kwangu mimi, kati ya alfajiri ya nyuzi 8 na mchana wa nyuzi 33 kasi ilipanda mita 12 kwa sekunde, kwa baruti ileile. Tafuta programu inayokuruhusu kuingiza kasi mbili au zaidi na joto lake, ijazie yenyewe katikati.

Kabla hujailaumu programu kwa lolote, pima darubini. Weka karatasi ndefu mita 100, chora mstari wima kwa kutumia timazi, piga kwenye alama ya chini, halafu panda mili 10 na upige tena ukilenga alama ileile. Matundu yanapaswa kuachana mita moja kamili. Ya kwangu ya kwanza yaliachana sentimita 97. Nilipima kwa futi ya chuma mara tatu nikidhani nimekosea. Asilimia 3 inaonekana ndogo, lakini ukizungusha mili 9 umepungukiwa karibu 0.3. Programu zenye nafasi ya kuingiza marekebisho haya si zote, na kwangu hilo ni sharti.

Halafu kuna kusawazisha, yaani kuifundisha programu kwa matundu yako mwenyewe. Wengi wanaharibu hapa kwa kurekebisha kila kitu kwa mpigo. Kwanza piga mita 600 au 700 siku isiyo na upepo, na kama kuna tofauti rekebisha kasi kidogo tu. BC usiiguse mpaka ufike risasi inapokaribia kasi ya sauti, ambayo kwa greni 175 usawa wa bahari huanza kama mita 800 hadi 900. Ukilazimika kubadili kasi kwa mita 25 ili namba zikubali, acha, rudi nyuma: kuna ingizo lingine ni la uongo, mara nyingi mgandamizo au urefu wa darubini juu ya mtutu.

Mzunguko wa dunia na risasi kuvutwa kulia na mzunguko wake, programu nyingi za kulipia zinavihesabu. Viwashe, usiviwazie sana.

Upepo ndio utakaokutesa. Mita 1 tu kwa sekunde kutoka ubavuni itaisukuma risasi yako zaidi ya nusu mita ikifika mita 1000, na hakuna simu inayojua upepo ulioko katikati ya uwanja. Ndiyo maana napenda programu inayoonyesha upepo wa aina mbili kwa pamoja, mdogo na mkubwa. Unaona mpaka wa kulia na wa kushoto, unaamua ushike wapi. Kipima hewa cha mkononi kama Kestrel kinachozungumza na simu kwa bluetooth ni raha, lakini nacho kinapima pale uliposimama tu.

Kuhusu simu yenyewe: jaribu programu ukiwa umezima data kabisa, jua la saa saba, kioo kikiwa na vumbi. Moja niliyoilipia iligoma kufunguka bila intaneti. Nyingine niliyoipenda iliondolewa dukani, nikabadilisha simu, na kumbukumbu za bunduki tatu zikaenda nayo. Siku hizi nachagua inayotoa jedwali la kuchapisha, na nimebandika karatasi ubavuni mwa kitako, kila mita 25, kwa hewa ya uwanja wangu. Simu ikizimika kwa joto, naendelea kupiga.

Kwa hali yako ningeanza na ile ya bure ya Hornady au ya Lapua kama risasi yako imo. Kama haimo, yoyote yenye G7, uchaguzi wa mgandamizo, na marekebisho ya darubini. Matokeo yake yalinganishe na ya JBM, kile kikokotoo cha bure cha kwenye tovuti, kwa maingizo yaleyale. Ukishapima kasi na lile jaribio la mili 10, weka namba hapa pamoja na mwinuko wa uwanja, na matundu ya mita 600. Nitazipitia moja baada ya nyingine.