Asilimia Si Kipimo: Maswali Yenu Kuhusu Seli Janja

Safari iliyopita niligusia wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaopachika vihisi ndani ya seli ya lithiamu, ili iseme yenyewe hali yake badala ya kupapaswa kwa nje: hiyo ndiyo seli janja. Barua zimekuja nyingi. Zilizouliza bei tu nimeziweka kando, kwa sababu bado ni kazi ya maabara, hakuna duka.

Betri yangu ina BMS (bodi ya kusimamia betri). Si ndiyo hiyo hiyo seli janja? (Mwanza)

Siyo. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, leo nalijibu kwa hesabu ili lisirudi. Gari la umeme la Tesla, Model S ya kWh 85, lilikuwa na seli 7,104: zimefungwa sambamba 74 kwa 74, kisha makundi 96 yakaungwa mfululizo. Bodi inasoma volti za makundi 96, si za seli moja moja. Seli moja ikianza kuugua, wenzake 73 wanaibeba, volti ya kundi haitikisiki, na bodi inakuambia shwari. BMS ni balozi wa nyumba kumi: anaona taa inawaka, hajui nani ana homa chumbani. Seli janja ni kuweka kipimajoto kwenye kitanda cha mgonjwa.

Wanaingizaje sensa, yaani kihisi, ndani ya seli bila kuilipua? (Arusha, mwanafunzi wa umeme)

Swali zuri, hatimaye. Chukua seli ya 18650, zile za betri za laptop: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ndani kuna foili ya shaba, foili ya alumini na utando wa kuzitenganisha, vyote vimeviringwa kama mkeka. Mkeka ukiviringwa, katikati hubaki uwazi mwembamba. Humo ndimo watafiti wengi hupenyeza.

Seli hutolewa chaji kwanza, ikatobolewa na kufanyiwa kazi ndani ya kisanduku cha glavu kilichojaa gesi ya agoni, kwa sababu unyevu wa hewa ukikutana na chumvi iliyomo kwenye elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli) huzaa asidi hatari. Kisha tundu linazibwa kwa gundi isiyoliwa na elektrolaiti hiyo.

Kinachoingia ni waya wa kupima joto, au fiba ya kioo yenye unene wa milimita 0.125. Ndani ya fiba huchorwa vialama vinavyorudisha rangi moja tu ya mwanga. Joto likipanda, rangi inasogea: kwa mwanga wa nanomita 1,550, nyuzi moja ya joto huisogeza kama pikomita 10, yaani nanomita 0.01 tu. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo hakileti shoti. Ila fiba ikivutwa nayo husogeza rangi, na kutenganisha mvuto na joto kumewakosesha wengi usingizi. Mwaka 2020 kundi la mkemia Jean-Marie Tarascon wa Collège de France, Paris, lilionyesha kwamba kwa fiba za namna hii unaweza kufuatilia ule utando mwembamba unaojijenga juu ya elektrodi (foili iliyopakwa kemikali za betri) seli inapochajiwa mara za mwanzo. Utando huo ndio unaoamua sehemu kubwa ya umri wa seli.

Lakini kutoboa si kazi ya uzamivu, ni kazi ya wiki. Miaka inaliwa na kuthibitisha kwamba seli iliyotobolewa inazeeka sawa na ambayo haikuguswa. Unachaji, unatoa, unachaji tena, mamia ya mizunguko, unalinganisha. Sensa inayoiua seli inapima kifo ilichokileta yenyewe.

Na wewe wa Kigoma uliyeandika kwamba una drili na glavu za bustani: hapana.

Simu inaonyesha asilimia 30 halafu inazima ghafla. (Tanga)

Badilisha betri. Imechoka, upinzani wake wa ndani umepanda. Ukifungua kamera volti zinaporomoka na simu inajizima.

Ila umenigusa pabaya. Ile asilimia kwenye skrini si kipimo, ni makisio. Chipu inapima volti, mkondo na joto la nje, halafu inabashiri. Betri za lithiamu chuma fosfeti, hizi za sola, ndizo kiboko: kati ya asilimia 20 na 90 hivi, volti za seli zinacheza pale pale, 3.2 hadi 3.3. Fundi mmoja alinichomekea multimita, ikasoma volti 13.2, yaani 3.3 kwa kila seli kati ya nne, akasema, "Hii imejaa, bosi." Saa mbili usiku tulikuwa tunatafuta mshumaa. Watu wa uzamivu wanahangaika na vihisi vya ndani kwa sababu hiyo hiyo: volti peke yake hazisemi kweli yote.

Seli janja zitazuia moto? Naendesha pikipiki ya umeme. (Nairobi)

Hazizuii, zinawahisha habari. Januari 2013 Boeing 787 ya Japan Airlines ilishika moto wa betri ikiwa imeegeshwa uwanja wa Boston. Betri ilikuwa na seli 8. Wachunguzi walikuta shoti ndani ya seli moja, nyingine zikafuata. Shoti ya ndani haina swichi. BMS ikate itakavyo, umeme unaendelea kupita humo humo. Ule utando wa poliethilini unaotenganisha foili huyeyuka karibu na nyuzi 130, na kiini hutangulia kupata moto kabla ngozi haijajua. Dakika chache za kumshusha abiria ndizo zinazotafutwa.

Hukuuliza, nakuambia: betri unayobadilisha kituoni si yako, na taarifa zake nazo si zako. Zinaweza kuonyesha ulipopita, saa ngapi, kwa kasi gani. Soma mkataba.

Nimeona 18650 za mAh 9,900 Kariakoo, zimeandikwa "smart". (Dar)

Ziweke kwenye mizani. Seli halisi ina gramu 45 na zaidi, na nzuri kabisa hutoa kama mAh 3,500. Hizo zako ni janja kwa maana ya mtaani.

Nissan Leaf ya mtumba, gari la umeme, yenye vipau 12 vyote vya afya ya betri, ninunue? (Mombasa)

Vipau vinaweza kurudishwa vionekane vimejaa kabla ya gari kuuzwa. Soma betri kwa kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, jozi zote 96 za seli. Ulaya itadai pasipoti ya kidijitali kwa betri za magari kuanzia 18 Februari 2027. Hilo gari la Japani la miaka kumi iliyopita halina hata cheti cha kuzaliwa.

Nataka kufanya uzamivu wa seli janja. Nianzie wapi? (Dodoma)

Kemia ya umeme. Wengi wanatoka kwenye elektroniki, wanajua sensa vizuri na hawajui inapima nini. Ukitaka mada, ipo barabarani: betri ya bodaboda Dar, saa saba mchana, imetoka kupigwa na matuta na inataka kuchajiwa wakati watengenezaji wengi hawaruhusu kuchaji ikizidi nyuzi 45. Kiini chake kina nyuzi ngapi? Niletee mpango wa kulijibu hilo. "Nataka kutumia akili mnemba kwenye betri" sitaisoma tena.