Darasa zima linajibu "Lusitania" halafu basi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Historia kidato cha tatu huku Mbalizi, Mbeya. Kila nikiuliza kwa nini Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza, darasa zima linaitikia "Lusitania!", ile meli ya abiria ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani, wamemaliza. Notsi nimewapa, mtihani nimewapa, wapi. Nifanye nini waelewe nchi inaingiaje vitani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hilo jibu lao si kosa, shida ni kwamba linawafungia mlango mapema. Kesho andika ubaoni tarehe mbili tu: Lusitania kuzamishwa Mei 7, 1915, wakafa watu 1,198, kati yao Wamarekani 128. Marekani kutangaza vita, Aprili 6, 1917. Halafu nyamaza. Waache wahesabu wenyewe. Mtu akuzabe kofi leo ukamrudishie mwaka keshokutwa, kweli ni kofi lile lile tu linalokuuma?

Hapo katikati ndo kuna somo. 1916 Rais Wilson wa Marekani alirudi madarakani kwa kampeni iliyojisifu kwamba kaiweka nchi nje ya vita, sasa miezi mitano baadaye anaingia, kimebadilika nini? Waambie wafuate hela kwanza, viwanda vya Marekani vilikuwa vinawauzia Waingereza na Wafaransa na mabenki yanawakopesha, kwa hiyo mfuko wa nchi ulishaegemea upande mmoja kabla bunduki hazijaegemea. Halafu Februari 1, 1917 Wajerumani wakarudia kuzamisha meli yoyote inayoelekea Uingereza bila onyo, na walijua kabisa Marekani itakasirika, ila walipiga hesabu kwamba Mwingereza atakufa njaa kabla Mmarekani hajajipanga. Ikaja telegramu ya Zimmermann, waziri wao wa mambo ya nje, kuiahidi Mexico irudishiwe Texas, New Mexico na Arizona ikiungana nao. Waingereza wakainasa, magazeti ya Marekani yakaitoa Machi 1. Mwezi huo huo mfalme wa Urusi akaanguka, Wilson akapata nafasi ya kusema hii ni vita ya demokrasia.

Sasa chora safu tatu: sababu, nia, uwezo. Hapa huhitaji kutafsiri, ni maneno ya Mwalimu Nyerere Novemba 1978 alipotangaza vita na Idi Amin wa Uganda, na nina uhakika wapo wenye babu aliyekwenda Kagera. Ila waonyeshe tofauti, sisi adui alishaingia Kagera, sababu na nia zikaja pamoja. Marekani sababu zilikaa muda mrefu zikisubiri nia, na uwezo wenyewe haukuwa tayari, jeshi lilikuwa dogo mpaka Mei wakapitisha sheria ya kuandikisha vijana kwa lazima.

Wakishajaza safu, wapige kura kama bunge la Marekani, kila mtu na sababu yake. Usiwaambie matokeo mapema! Seneti walikubali 82, wakakataa 6, Baraza la Wawakilishi 373 kwa 50, na kati ya hao 50 alikuwemo Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kule bungeni. Mimi naona hiki kipande ndo muhimu kuliko vyote, mtoto akijua kulikuwa na watu 56 waliosema hapana anaelewa kwamba vita iliamuliwa, haikudondoka tu kama mvua ya masika.

Kama kipindi kinabaki, rudi nyumbani. 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutokea Nyasaland na Rhodesia (Malawi na Zambia za leo) yakapita Tukuyu, Njombe mpaka Iringa kumfukuza Mjerumani, na wazee wetu wakabebeshwa mizigo ya pande zote mbili, wengi wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Chora safu zile zile tatu kwa ajili ya mpagazi wa Kinyakyusa au wa Kibena, uwaachie chaki wajaze wenyewe. Safu ya nia usiwasaidie hata neno moja.