Mreteni wako wa bonsai: utoe nje kwanza, mkasi baadaye

Dada, umeuliza kama wikendi hii unaweza kukata matawi ya mreteni wako (juniper) wa bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo chunguni, kuufunga waya wa kuongoza matawi na kuuhamishia chungu kipya, yote kwa mpigo, tena ukataja utando kwenye matawi. Usithubutu. Mti uliokaa miezi miwili juu ya meza ya sebuleni tayari umechoka. Utoe nje penye jua, usubiri ncha zichipue. Mreteni ni mjanja: unaweza kuwa umeshakufa ukabaki kijani wiki kadhaa, nawe unaendelea kuumwagilia.

Mti ukipata nguvu, chagua moja: umbo au chungu. Ukikata sana, mizizi iache mwaka mzima. Na usikate tawi ukaliacha bila jani hata moja, maana halichipui tena. Wangu wa kwanza niliunyoa hivyo, nikabaki na vijiti. Tawi usilolitaka, acha kipande chake, ubandue gome, kikauke kiwe cheupe. Wajapani hukiita jin, wala si jini letu la pwani!

Waya uwe wa alumini. Waya ukianza kuuma gome, ukate vipande vipande, usiuzungushe kuutoa.

Mwagilia mti pale udongo wa juu unapoanza kukauka, si kwa ratiba. Ule utando unaousema, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe: vidoa vikitembea, ni utitiri. Pulizia maji kwa nguvu, hata upande wa chini wa matawi, kabla hujagusa mkasi.